Kabureta Huguswa Mwisho: Mwongozo kwa Mlaji Anayepeleka Pikipiki Gereji



Katika miji ya Musoma na Bunda, na katika vijiji vya Butiama, pikipiki ni chombo cha riziki. Hupeleka wagonjwa zahanati, hubeba magunia ya dagaa kutoka mwaloni, na hurudisha nyumbani wafanyabiashara wa gulioni jioni. Pikipiki isipowaka asubuhi, kazi ya siku husimama, lakini hesabu ya mwenye chombo haisimami.

Miongoni mwa malalamiko ya kawaida kuhusu gereji za pikipiki, lipo moja linalofanana kila mahali. Dereva anafika akisema pikipiki inamisi, inakula mafuta, au inazima kila anaposimama. Fundi anachukua bisibisi, anazungusha skurubu mbili za kabureta, injini inanguruma, dereva analipa na kuondoka. Baada ya siku tatu ugonjwa umerudi. Anapelekwa fundi wa pili, skurubu zilezile zinazungushwa tena, na malipo yanatolewa tena. Mwisho wake mtu hununua kabureta mpya, kumbe kilichokuwa kibovu ni mpira wa shilingi chache.

Tumeandaa makala hii ili kumsaidia mlaji ajue analipia nini anapoambiwa kwamba pikipiki yake "itafanyiwa tyuni". Neno letu kuu ni moja: kabureta huguswa mwisho, baada ya vitu vingine kukaguliwa, na kazi iliyofanywa kwayo lazima iweze kuonekana kwa kipimo.

KABURETA HUFANYA KAZI GANI

Kabureta huchanganya hewa na petroli kabla havijaingia ndani ya silinda. Pistoni inaposhuka huvuta hewa. Hewa hiyo hupita katika koo jembamba la kabureta, mwendo wake huongezeka, na mvuto unaotokea hapo hupandisha petroli kutoka katika bakuli dogo lililo chini. Ili petroli iungue vizuri, kila gramu moja yake huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, injini hutoa moshi mweusi, hunuka na kula mafuta. Ikipungua, injini huchemka, hukosa nguvu na huweza kuunguza pistoni.

Kabureta haina njia moja tu ya petroli. Pikipiki inapounguruma bila kuvutwa mafuta, hali ambayo mafundi wengi huiita "sailensi", petroli hupita katika jeti ndogo. Mkono unapovutwa kufikia katikati, sindano inayopanda na kushuka ndiyo hutawala. Mkono unapovutwa wote, jeti kubwa ndiyo hutawala. Mlaji akilijua hilo atatambua jambo muhimu: skurubu mbili zinazoonekana kwa nje hurekebisha sailensi na mwanzo wa mvuto tu. Fundi anayeahidi kwamba kwa kuzungusha skurubu hizo ataponya udhaifu unaotokea mlimani, mkono ukiwa umevutwa wote, anaahidi jambo ambalo skurubu hizo haziwezi kutenda.

Kimo cha eneo letu nacho kina neno. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho, hewa ya Musoma ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyorekebishwa pwani, ikiletwa huku, humimina petroli ikizidi kidogo kuliko inavyohitajiwa. Pikipiki ndogo huvumilia tofauti hiyo. Hata hivyo, mwenye pikipiki asikubali kamwe jeti yake ipanuliwe kwa waya au sindano eti iongeze nguvu. Kwa kimo chetu, kupanua jeti ni kuongeza petroli pale ambapo tayari imeelekea kuzidi, na tundu lililokwisha kupanuliwa halirudi kuwa dogo.

MAMBO SABA YA KUKAGUA KWANZA

Kabla skurubu yoyote haijaguswa, tunamshauri mlaji aombe mambo yafuatayo yakaguliwe, yeye mwenyewe akiwapo.

1. Chujio la hewa. Barabara nyingi za vijijini ni za vumbi, na wakati wa kiangazi chujio huziba upesi. Likiziba, hewa hupungua na petroli huonekana kuzidi. Anayerekebisha kabureta ilhali chujio limeziba anarekebisha kosa juu ya kosa. Wapo pia wanaoliondoa kabisa chujio ili pikipiki "ipumue". Tunakataza jambo hilo kwa nguvu zote: vumbi linaloingia ndani husaga ringi na silinda, na gharama yake ni kufungua injini.

2. Petroli. Funga koki, fungua skurubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, na ukinge petroli katika chupa safi ya kioo. Iache itulie kwa dakika chache. Maji hujitenga na kukaa chini. Mchanga na kutu huonekana. Kazi hii ifanyike nje, mbali na moto na sigara.

3. Plagi. Rangi ya ncha yake ni ushahidi. Kahawia hafifu ni dalili ya mchanganyiko mzuri. Masizi meusi makavu huashiria petroli iliyozidi. Weupe wa chokaa huashiria petroli iliyopungua au joto kali. Unyevu wa oili ni dalili ya ringi au mipira ya valvu iliyochoka, na hapo hakuna kabureta mpya itakayosaidia.

4. Mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukipasuka, hewa isiyopimwa huingia kwa pembeni. Sailensi hupanda na kushuka yenyewe. Ufa huo mara nyingi hauonekani mpaka mpira ukunjwe kwa mkono.

5. Nafasi ya valvu. Hupimwa kwa geji ya majani, injini ikiwa baridi. Valvu zilizobanwa mno huifanya injini ikatae kuwaka na kuzima hovyo, dalili ambazo watu wengi huzitupia kabureta.

6. Waya wa mafuta. Mkono uwe na mchezo mdogo kabla ya kuanza kuvuta, na ukiachwa urudi wenyewe, usukani ukiwa umekatwa kushoto au kulia. Sailensi inayopanda usukani unapokatwa ni kosa la waya.

7. Choki. Choki isiyorudi sawasawa hula petroli siku nzima bila dereva kujua.

Ukaguzi huu hauhitaji mitambo ya gharama. Unahitaji muda, na ni haki fundi kulipwa kwa muda huo. Mlaji anayetaka "skurubu tu" ili alipe kidogo hujidhulumu mwenyewe. Fundi mwaminifu aliyegundua mpira uliopasuka amefanya kazi kubwa kuliko aliyezungusha skurubu mara kumi.

MAREKEBISHO YANAYOSTAHILI MALIPO

Ukaguzi ukimalizika, ndipo kabureta hurekebishwa. Mlaji hahitaji kuwa fundi, ila akijua hatua zenyewe atatambua kazi iliyofanywa kwa utaratibu na ile ya kubahatisha.

Kwanza, injini ipashwe moto kwa mwendo wa dakika kumi hivi. Kabureta iliyorekebishwa injini ikiwa baridi itakosea mara injini itakapopata moto.

Pili, fundi azungushe skurubu ya mchanganyiko kwenda ndani taratibu mpaka iguse, huku akihesabu mizunguko, na aandike hesabu hiyo. Hiyo ndiyo njia ya kurudi mambo yakiharibika. Isikazwe kwa nguvu, kwa maana ncha yake ni nyembamba na huharibika.

Tatu, aifungue mizunguko inayotajwa katika kitabu cha pikipiki husika. Katika pikipiki nyingi ndogo huwa kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu, lakini kitabu ndicho hakimu.

Nne, atafute mahali ambapo injini inaunguruma kwa kasi na utulivu zaidi, kisha arudishe sailensi kwenye kiwango kwa skurubu ya pili. Kwa pikipiki nyingi za ukubwa wa sisi 100 hadi 150, kiwango hicho ni karibu mizunguko 1,400 kwa dakika.

Hapa ipo hitilafu inayowapata hata mafundi wazoefu. Skurubu ya mchanganyiko ni ya aina mbili. Iliyo upande wa chujio hutawala hewa. Ukiifungua unapunguza petroli katika mchanganyiko. Iliyo upande wa injini hutawala petroli; ukiifungua unaiongeza. Fundi aliyezoea aina moja, akiletewa nyingine, aweza kurekebisha kinyume. Muulize kwa heshima: "Fundi, hii ni ya hewa au ya mafuta?" Anayeijua kazi yake hatachukizwa na swali hilo.

PIKIPIKI YENYE KABURETA ZAIDI YA MOJA

Pikipiki nyingi za mkoani kwetu zina silinda moja na kabureta moja. Hata hivyo wapo wachache wenye pikipiki kubwa za zamani, zenye silinda 2 au 4, na kila silinda na kabureta yake. Mfano maarufu ni Honda CB750, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969 ikiwa na silinda 4 na kabureta 4. Anayenunua pikipiki ya namna hiyo ikiwa imekwisha kutumika anapaswa kujua kwamba kuna kazi moja zaidi: kusawazisha kabureta.

Mkulima anayelima kwa maksai ataelewa upesi. Ng'ombe wawili chini ya nira moja, mmoja akivuta na mwingine akijikokota, hawalimi mstari ulionyooka. Mwenye nguvu huchoka, nira huwachubua shingo, na jembe hupinda. Vivyo hivyo kwa silinda. Kabureta moja ikifunguka zaidi ya mwenzake, silinda moja hubeba mzigo wa nyingine. Pikipiki hutetemeka, sailensi huwa ya kuchechemea, klachi hugongagonga, na mafuta huisha upesi.

Kazi hii haifanywi kwa sikio peke yake. Fundi huunganisha geji za mvuto katika matundu yaliyo kati ya kila kabureta na silinda yake, kisha hurekebisha skurubu za kuunganishia mpaka geji zote zisome karibu sawa. Kabureta moja huwa ndiyo kielelezo na haiguswi, nyingine hufuata. Kitabu cha pikipiki hueleza ipi ni kielelezo na tofauti gani inaruhusiwa.

Pasipokuwa na geji, kwa kabureta mbili ipo njia ya gharama nafuu: bomba refu la plastiki linaloona ndani, lililofungwa kwa umbo la U kwenye ubao na kutiwa oili kiasi, ncha moja ikiunganishwa kila upande. Oili hupanda upande wenye mvuto mkubwa zaidi. Ikisimama sawa pande zote, kabureta zimesawazishwa. Bomba liwe refu na injini isivutwe mafuta kwa ghafla, oili isije ikanyonywa.

Tahadhari ni mbili. Injini inayopozwa kwa upepo hupata joto kali ikinguruma mahali pamoja, hivyo iwekewe feni mbele au ipumzishwe. Tena kazi isifanyike kamwe katika chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wa injini una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Kumbuka pia kwamba kanuni yetu haibadiliki kwa wingi wa kabureta. Kusawazisha huja mwisho kabisa. Valvu zisipokuwa sawa, au mpira mmoja ukiwa umepasuka, geji zitadanganya, na kazi yote itarudiwa.

PIMA MWENYEWE MATOKEO

Mlaji hapaswi kutegemea maneno "sasa iko poa". Ipo njia ya kupima iliyo wazi kwa kila mtu. Kabla ya kwenda gereji, jaza tangi mpaka alama fulani, pikipiki ikiwa imesimamishwa kwa stendi ya kati mahali tambarare. Andika kilomita zinazosomeka. Fanya kazi yako ya kawaida kwa siku moja au mbili. Jaza tena mpaka alama ileile, kwenye pampu ileile, na uandike lita zilizoingia. Gawa kilomita kwa lita. Ikiwa umekwenda kilomita 180 kwa lita 4, pikipiki yako inakwenda kilomita 45 kwa lita. Rudia kipimo hicho baada ya matengenezo.

Hesabu hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Dereva anayetumia lita 4 kwa siku, akipoteza sehemu moja tu ya kumi kwa kabureta mbovu, hupoteza lita 0.4 kila siku. Kwa siku 26 za kazi, ni lita 10.4. Zidisha kwa bei ya petroli ya mwezi huo, ambayo EWURA huitangaza, ndipo utakapojua ni kiasi gani kilichotoka mfukoni mwako kikawa moshi.

Kipimo hicho hakina maana ikiwa petroli yenyewe ina mashaka. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huzaa dalili zilezile za kabureta mbovu: injini hugonga, hutoa moshi na kukosa nguvu. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara haina uthibitisho wa ubora wala wa ujazo, na kuihifadhi nyumbani ni kualika moto. Tunashauri ununue kituoni, kwenye pampu yenye stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo, na udai risiti. Ukiwa na shaka juu ya ubora, peleka taarifa EWURA pamoja na risiti hiyo. Bila risiti ni vigumu kuthibitisha petroli ilitoka wapi.

MAKUBALIANO NA FUNDI

Migogoro mingi ya gereji huzaliwa na ukimya kabla ya kazi. Tunamshauri mlaji akubaliane na fundi juu ya mambo matano kabla bisibisi haijashikwa:

Kwanza, dalili yenyewe, ielezwe kwa usahihi: inatokea injini ikiwa baridi au moto, sailensi au mlimani?

Pili, gharama ya ukaguzi, mbali na gharama ya matengenezo.

Tatu, kwamba hakuna spea itakayonunuliwa kabla mwenye pikipiki hajaonyeshwa ile mbovu na kukubali bei ya mpya.

Nne, kwamba spea ya zamani itarudishwa mikononi mwake.

Tano, muda ambao fundi atairudia kazi bila malipo ikiwa kasoro ileile itajirudia.

Karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, yenye tarehe, kazi iliyofanywa, mizunguko ya skurubu kabla na baada, na sahihi za wote wawili, ina thamani kubwa. Humlinda mlaji, na humlinda fundi pia dhidi ya mteja anayerudi na kasoro nyingine akidai ni ileile.

Kwa upande wa spea, kabureta bandia zipo sokoni, nazo hufanana na halisi kwa sura. Linganisha na ya zamani: namba zilizochongwa, upana wa koo, ulaini wa mkono wake. Bei iliyo chini mno ni onyo. Dai risiti yenye jina la duka na jina la bidhaa.

MLAJI AKIDHULUMIWA

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Kuuziwa kabureta bandia kwa jina la halisi ni jambo la kulalamikia. Anza na aliyekuuzia au aliyekuhudumia, ukiwa na risiti, karatasi ya makubaliano na spea yenyewe. Viongozi wa kijiwe au wa chama cha madereva waweza kusaidia kupatanisha. Ikishindikana, wasilisha malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani (FCC), ambayo ina ofisi ya kanda jijini Mwanza. Malalamiko kuhusu ubora wa petroli hupelekwa EWURA. Kuhusu ujazo wa pampu, Wakala wa Vipimo.

Hatuandiki haya ili kuwatia walaji chuki dhidi ya mafundi. Mafundi wengi wa mkoa huu wamejifunza kazi kwa miaka mingi chini ya mti au kibanda cha mabati, kwa zana chache, na ndio wanaoziweka barabarani pikipiki ambazo bila wao zingekuwa chuma chakavu. Mlaji anayeuliza vizuri humsaidia fundi mwaminifu apate heshima na malipo anayostahili, na humnyima mbabaishaji nafasi.

Basi utakapofika gereji na kuona bisibisi imeelekezwa moja kwa moja kwenye kabureta, sema kwa upole: "Fundi, tuanze na chujio." Kisha kaa karibu, uangalie, na uwe na kalamu mkononi.